Kuta Zilizoandikwa kwa Mkono, na Wenye Kuzipiga Picha

Wamekuwa wengi katika miji yetu ya pwani vijana wanaotoka majumbani mwao alfajiri, kamera mabegani, kwenda kutafuta barabarani kile wanachokiita ilhamu. Na kwa kuwa aghalabu yao wamefunzwa zaidi na picha wazionazo katika simu kuliko na mwalimu yeyote, hurejea adhuhuri na shehena ya picha zinazofanana: ukuta uliochorwa uso mkubwa wa binadamu kwa rangi ya kupuliza, na mbele ya ukuta huo sahibu yao amesimama, mguu mmoja ameukunja, miwani ya jua usoni. Sina ugomvi na picha hizo, wala na furaha ya wenye kuzipiga. Ninalotaka kulijadili ni dhana iliyojificha nyuma yake, kwamba sanaa ya barabarani ni ile tu iliyotujia na makopo ya rangi kutoka miji ya mbali, na kwamba mpiga picha amekwisha kutimiza wajibu wake pindi aiwekapo sanaa hiyo ndani ya fremu bila ya kuikata pembe.

Ukuta wa pwani haukuyangoja makopo hayo ili uandikwe. Ndani ya Ngome ya Mombasa, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, ipo michoro iliyofanywa ukutani na mabaharia na askari wao katika karne ya kumi na saba, kwa makaa meusi na udongo mwekundu: merikebu, watu, makanisa, yaani kumbukumbu za watu waliokuwa baidi na kwao, wanaokesha zamu katika joto wasilolizoea. Katika magofu ya Gedi, karibu na Malindi, kuna nyumba inayojulikana kwa jina la jahazi kwa sababu ya mchoro wa jahazi uliokwaruzwa katika chokaa yake, na michoro ya vyombo ya namna hiyo imekutwa Kilwa na Songo Mnara pia. Huko Lamu majahazi yalivishwa macho ya mbao yaliyotiwa rangi pande mbili za omo, nayo yamepigwa picha na kila mgeni aliyefika, ilhali ubao wa kinyozi ulioko hatua chache kutoka gatini hupitwa kana kwamba haupo.

Na ubao wa kinyozi ndio hasa ninaoutetea. Atazame mtu barabara yoyote itokayo Mwembe Tayari, Mombasa, si kwa jicho la mpita njia mwenye haraka, bali kwa jicho la mtu aliyeamua kwamba leo hana pa kwenda. Ataona vichwa vinne vilivyochorwa upande, kila kimoja na mtindo wake wa nywele, sikio likiwa kubwa kuliko kadiri kwa sababu fundi alianza na sikio. Ataona juu ya mlango wa bucha ng'ombe aliyenona, mzima wa afya, akitabasamu bila ya habari ya yanayotendeka ndani. Ataona hoteli yenye kikombe cha chai kinachotoa mvuke wa mistari mitatu, duka lililopakwa tangu chini hadi paani rangi ya kampuni ya simu, na kando yake ukuta wa mtu binafsi ulioandikwa kwa hasira na kwa brashi ya kupakia chokaa, "Usikojoe hapa". Kisha itapita tuktuk imeandikwa mgongoni "Hasidi hana sababu", na nyuma ya tuktuk mkokoteni wa maji wenye jina la timu ya mpira ya Uingereza, limeendelezwa kama linavyotamkwa mtaani Majengo. Yote hayo ni khati na taswira zilizotoka mikononi mwa watu, zimewekwa hadharani kwa ajili ya kila mwenye macho, wala hapana mlango wa kulipia kiingilio. Ikiwa hiyo si sanaa ya barabarani, basi sijui barabara yenyewe ni ipi.

Nimepata kumtazama fundi mmoja wa maandishi akiandika jina la duka la vipuri nyuma ya soko la Kongowea. Aliupaka uzi unga wa chaki, akaufunga katika misumari miwili, akauvuta katikati kwa vidole na kuuachia, nao ukaacha juu ya ukuta mstari mnyofu kuliko wa rula. Akapiga wa pili chini yake. Kisha baina ya mistari hiyo akazigawa herufi kwa jicho, akianzia katikati ya neno na kwenda pande zote mbili, ili asije akaishiwa na nafasi kabla ya herufi ya mwisho, kosa ambalo mji wetu umejaa ushahidi wake. Rangi ilikuwa ya mafuta, imezimuliwa kwa petroli ndani ya kopo la maziwa ya unga. Mkono wa kulia ulitegemea kijiti kilichoviringishwa kitambaa nchani, na brashi ilikuwa bapa, kuukuu, imebaki nywele chache zilizokuwa zikimtii kuliko ambavyo brashi mpya ingemtii. Alipoimaliza herufi S, ambayo ndiyo inayowasumbua mafundi wote kwa kuwa haina pembe ya kushikia, alirudi kinyumenyume hadi katikati ya barabara kuitazama, tuktuk zikimpigia honi huku na huku, naye hakusogea mpaka aliporidhika. Mpiga picha aliye na saburi ya kukaa saa mbili na mtu kama huyo angeondoka na mkono, uzi, chaki inayoruka hewani, dereva aliyekasirika na herufi iliyo nusu; na hapana hata moja kati ya hayo litakalofanana na picha ya jirani yake.

Nadiriki kusema, hata nikilaumiwa, kuwa ukuta uliochorwa ili upigwe picha ndiyo mada dhaifu kuliko zote kwa mwenye kamera. Sisemi hivyo kwa kuwadharau wachoraji. Nairobi imetoa mahodari kama Bankslave na Swift9, na Dar es Salaam ina kundi lake la Wachata, na mkono wao katika kupuliza rangi, kupata mpindo wa shavu au mng'aro wa jicho katika ukuta wenye urefu wa ghorofa mbili, ni wa kustaajabisha. Lakini ni kwa sababu ya uhodari wao ndipo mpiga picha akabaki hana kazi. Mchoraji amekwisha kuchagua rangi, amekwisha kupanga kilicho karibu na kilicho mbali, pengine amekwisha kuamua hata mahali pa kusimama mtazamaji. Ajaye na kamera akasimama hapo na kubonyeza amefanya nakala, na nakala, ijapokuwa safi namna gani, ni mali ya aliyechora. Ili picha iwe yake hana budi kungoja jambo ambalo mchoraji hakulitia katika hesabu: mbuzi, mwanafunzi aliyechelewa, kivuli cha nguzo ya umeme kinachomkata uso yule mtu aliyechorwa, fundi bomba anayetoboa tundu katikati ya paji lake.

Katika historia ya upigaji picha mfano maarufu wa makutano kama hayo ni wa Mfaransa Henri Cartier-Bresson. Alichokipiga mwaka 1932 nyuma ya stesheni ya Saint-Lazare mjini Paris hukumbukwa na wengi kuwa ni picha ya mtu anayeruka dimbwi la maji, kisigino chake hakijagusa bado; na ni kweli. Walakini atakayeitazama kwa utulivu ataona, nyuma ya mtu huyo, tangazo limebandikwa ukutani lenye mchezaji ngoma aliyeruka vilevile, miguu imetanuka vilevile, akielekea upande wa pili. Tangazo peke yake ni karatasi, na mtu peke yake ni mtu aliyechelewa gari moshi, ila vilipokutana kwa sehemu ya nukta ndipo ikapatikana picha ambayo imefundishwa vizazi. Nami huona shani katika jambo hili, kwamba Cartier-Bresson mwenyewe alikiri kuamshwa na picha ya Martin Munkácsi ya wavulana watatu wa Kiafrika wakikimbilia maji, ambayo kwa miaka mingi imetajwa kuwa ni ya Ziwa Tanganyika, ijapokuwa wapo wasemao ilipigwa Liberia. Madhali ilhamu iliyowafikia wakubwa wa Paris ilitoka kwa watoto wetu wakicheza, ni ajabu kwamba watoto wetu leo waitafute katika kuiga kuta za Paris.

Kuhusu mwanga nitasema kidogo, kwa kuwa vitabu vingi vya fani hii vimeandikwa katika nchi ambazo jua hulala pembeni siku nzima na magharibi huchukua saa nzima kuingia. Mombasa iko digrii nne kusini ya ikweta. Adhuhuri jua husimama utosini, nyuso huwa na matundu meusi mahali pa macho, na rangi zote za ukuta huchujuka. Magharibi nayo hukatika ghafla, kiasi cha dakika ishirini tu baada ya jua kuzama giza limekwisha kuingia. Wasaa wa kufaa ni ule baina ya jua kuchomoza na saa mbili na nusu asubuhi, na tena baada ya alasiri. Hata hivyo vichochoro vya Mji wa Kale vina sheria yao: katika Ndia Kuu, kwa vile nyumba zimekaribiana na roshani zimetokeza, mwanga huteremka kama utepe mwembamba unaotembea juu ya ukuta mmoja kwa muda usiozidi saa, kisha huhamia wa pili, na ukuta mweupe ulio ng'ambo huurudisha uwe laini usiomuumiza mtu usoni. Anayeijua saa ya kila ukuta hahitaji taa. Ataweka kamera sawasawa na ukuta, bila ya kuinamisha, ili mistari ya fundi ibaki minyofu. Ataweka kasi ya sehemu moja kwa mia mbili na hamsini ya sekunde ikiwa anataka mpita njia asimame katika hatua yake, au sehemu moja kwa kumi na tano ikiwa anataka tuktuk iwe mchirizi wa njano mbele ya maandishi yaliyotulia. Na baada ya hapo hatakuwa na kazi nyingine ila kungoja.

Kungoja huko kuna faida nyingine, nayo ni kufahamika. Kijana mmoja alikuwa akipiga picha karibu na Msikiti wa Mandhry, kamera imeelekezwa kwenye mlango wa kuchongwa, na chini ya mlango ameketi mzee mwenye kikombe chake cha kahawa.

"Wapiga nini hapo, mwanangu?" mzee akauliza.

"Ukuta, mzee wangu."

"Na mimi nami ni ukuta?"

Kijana alicheka, akateremsha kamera, akatoa shikamoo ambayo ilipasa itangulie, akakaribishwa kahawa. Sikungoja kuona kama picha aliipata. Ninachojua ni kwamba vijana wengi wanaolalamika kuwa watu wa Mji wa Kale ni wakali hawajapata kusalimia mtu kabla ya kuinua lenzi, na kwamba mwanamke anayefunika uso wake kwa ukingo wa buibui amekwisha kujibu swali ambalo mpiga picha hakuwa na adabu ya kuliuliza. Jibu hilo ni la kuheshimiwa, hata kama mwanga ulikuwa mzuri namna gani.

Brassaï, Mhungaria aliyehamia Paris, alianza katika miaka ya thelathini kupiga picha michoro iliyokwaruzwa kutani na watu wasiojulikana: mioyo, nyuso za matundu mawili, mafuvu. Alitembea na vijitabu vidogo alimoandika mahali pa kila mchoro, ili arudi baadaye kuona umefanywa nini na mvua, na kisu cha mtu mwingine, na wakati. Picha hizo zilionyeshwa katika jumba la sanaa za kisasa la New York mwaka 1956, na kitabu chake kikatoka baada ya hapo. Mjini New York nako Helen Levitt alikuwa amekwisha kuziona tangu mwishoni mwa miaka ya thelathini zile picha za chaki ambazo watoto walizichora njiani na milangoni, akazipiga, na mvua ya usiku ikazifuta. Hapana kati ya wawili hao aliyeona haya kwamba vitu hivyo vilikuwa vidogo.

Kwetu si mvua peke yake inayofuta. Mwaka 2018 serikali ya kaunti ya Mombasa iliwaamuru wenye majumba ya katikati ya mji na ya Mji wa Kale wayapake rangi nyeupe yenye kingo za buluu ya Kimisri, na matangazo yaliyoandikwa kutani na juu ya mapaa ya varanda yaondolewe. Kwa insafu nikiri kuwa mji ulipendeza. Waliokuwa wakilia kwamba Mombasa imechakaa walinyamaza, na mpiga picha naye hakutoka mikono mitupu, kwani kanga nyekundu ikipita mbele ya ukuta mweupe ni mandhari ambayo fundi yeyote wa rangi angeionea wivu. Walakini chini ya ile rangi nyeupe wamezikwa vinyozi, ng'ombe, vikombe vya chai na majina ya maduka yaliyokuwa yameandikwa kwa mikono tofauti katika miaka tofauti, kila mkono na lafudhi yake. Na hapana ofisi, kwa kadiri nilivyoona, iliyotuma hata mtu mmoja na kamera kabla ya mtu wa ngazi na ndoo. Pale amri isipofika hufika mashine: bango la plastiki huchapishwa kwa siku moja, kwa herufi zilezile zinazotumika duniani kote, na baada ya misimu michache ya jua letu wekundu wake huwa waridi na buluu yake huwa kijivu. Fundi wa uzi na chaki hapati tena kazi ya jina la duka. Hupewa ya kuandika namba za milango.

Dar es Salaam kuna maandishi mengine ambayo mpiga picha hana haki ya kuyapita. Yapo yale ya "Nyumba hii haiuzwi", ambayo mwenye mali huyaandika kwa herufi kubwa ili kuwaonya wanunuzi dhidi ya matapeli au ndugu zake mwenyewe. Na ipo ile alama ya X nyekundu ambayo watu wa barabara huipiga juu ya nyumba iliyo katika hifadhi ya barabara, mfano wa zile zilizobomolewa kando ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara, mwaka 2017. Mistari miwili tu, imepigwa kwa mkono mmoja kwa nukta tatu, na nyuma yake watu wanaendelea kupika na kuanua nguo mpaka siku ifike. Sijaona uso uliochorwa kwa kopo unaosema zaidi ya alama hiyo ikiwa na mtoto ameegemea chini yake.

Yuko naye aliyeuendea uhusiano huu wa picha na ukuta kutoka upande wa pili. Boniface Mwangi alipiga picha za machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Kenya wa mwaka 2007, akazipeleka barabarani katika maonyesho yaliyoitwa Picha Mtaani, wananchi wazitazame wakiwa wamesimama. Na mwaka 2012 akawakusanya wachoraji, wakawachora wanasiasa wa Kenya katikati ya Nairobi kwa sura ya tai mla mizoga. Wengine walisema ameiacha fani. Mimi naona aliifuata mpaka mwisho, maana alitambua kwamba picha iliyotoka barabarani ina deni la kurudi huko.

Na deni hilo ndilo ambalo wapiga picha wa leo wangeweza kulilipa kwa gharama ndogo. Katika Mji Mkongwe wa Unguja, Ranchhod Oza alifungua studio yake ya Capital Art mwaka 1930, na picha za mitaa na watu zilizotoka humo ndizo zinazotuonyesha leo mji ulivyokuwa kabla sisi hatujazaliwa. Zimedumu kwa kuwa zilichapishwa juu ya karatasi na kutunzwa pamoja. Picha zetu za sasa hukaa katika simu, na simu ikiibwa kwenye feri ya Likoni zimekwenda nayo. Lau kila mwenye kamera angeuchukua mtaa mmoja tu, akaupiga upande wa kulia na upande wa kushoto, mlango kwa mlango, kila mwaka mwezi uleule, akazichapisha, na nyuma ya kila karatasi akaandika kwa kalamu jina la mtaa, tarehe, na jina la fundi aliyeandika ukuta huo, basi majumba ya makumbusho yetu yangekuwa na hazina ambayo hapana mgeni angeweza kutuletea. Jina la fundi ndilo linaloachwa daima, na udhuru ni kwamba halijulikani. Si udhuru wa kukubalika: tazama pembeni, chini ya herufi ya mwisho, na aghalabu utakuta ameliandika mwenyewe kwa brashi nyembamba, pamoja na namba yake ya simu.